Mbao za paa lako zatoka wapi? Kenya na Tanzania katika biashara ya mbao laini

Mkazi anayejenga Lambwe, Ndhiwa au Sindo akifika kwenye yadi ya mbao huuliza mambo mawili: urefu wa mbao na bei ya kila futi. Ni nadra kuuliza zimetoka wapi. Hata hivyo, jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini bei hupanda ghafla, kwa nini mbao nyingine hupinda kabla mabati hayajapigiliwa, na kwa nini malori yanayovuka Isebania kutoka Tanzania yamekuwa jambo la kawaida katika barabara za Migori na Rongo.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi Kenya na Tanzania zilivyoshughulikia mbao laini tangu enzi za ukoloni hadi sasa, na maana yake kwa mnunuzi, mfanyabiashara na mkulima wa kaunti yetu. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: mti wa mbao huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa. Kwa hiyo bei unayolipa leo ilianza kupangwa siku ambayo mche ulipandwa, au siku ambayo ulipaswa kupandwa na haukupandwa.

MBAO LAINI NI ZIPI?

Mbao laini hutoka kwenye miti yenye majani membamba kama sindano au magamba madogo, na ambayo hubeba mbegu zake ndani ya koni. Huku kwetu mbao hizo ni za aina mbili: saipresi na msonobari, ambao wengi wetu tunauita paini. Ni mbao nyepesi, hupigiliwa misumari kwa urahisi na hupasuliwa ndefu na zilizonyooka. Ndiyo maana mafundi huzipenda kwa paa, dari, fremu na mbao za kushikilia zege.

Mikalitusi, grivilea na siala si mbao laini kwa maana hii, ingawa hutumika sana katika ujenzi. Tutarudi kwenye miti hiyo, kwa sababu kwa wakulima wengi wa bonde la Lambwe ndiyo inayofaa zaidi.

Saipresi na paini zinazopandwa hapa si miti ya asili ya Afrika Mashariki. Asili ya zote mbili ni Meksiko na nchi jirani zake. Serikali za kikoloni zilizileta kwa sababu miti ya asili kama podo na mtarakwa ilikuwa ikikatwa haraka kuliko inavyokua.

KENYA: KUPANDA, KUFUNGA, KUFUNGUA

Kenya ilianza mapema. Kuanzia miaka ya 1910, serikali ilitumia utaratibu uliojulikana kama mfumo wa shamba. Familia iliruhusiwa kulima mahindi, viazi au maharagwe ndani ya eneo la msitu lililokatwa, kwa masharti kwamba itatunza miche iliyopandwa katikati ya mazao. Miche ilipokua na kufunika ardhi kwa kivuli, familia ilihamishiwa eneo jingine. Kwa njia hii serikali ilipata msitu kwa gharama ndogo, na familia ilipata chakula.

Misitu ya namna hiyo ilienea katika nyanda za juu: Londiani, Elburgon, Molo, Nyahururu, Mlima Kenya na Mlima Elgon. Kwa miaka mingi Kenya ilijitosheleza kwa kiasi kikubwa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970, kilijengwa kwa kutegemea paini za Kenya, na karatasi zake ziliuzwa hadi nchi jirani.

Mambo yalianza kwenda kombo katika miaka ya 1980. Mwaka 1987 mfumo wa shamba ulipigwa marufuku. Palikuwa na malalamiko ya haki: baadhi ya watu waligeuza msitu kuwa makazi, na miche ilikuwa ikiachwa ife. Lakini baada ya marufuku, maeneo mengi yaliyokatwa hayakupandwa tena. Kisha mwaka 1990 kidukari wa saipresi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mti, aligunduliwa nchini baada ya kuonekana Malawi mwaka 1986. Saipresi nyingi zilikauka.

Mwaka 1999 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yake. Kampuni chache kubwa ziliruhusiwa kuendelea, lakini wapasua mbao wadogo walifungiwa nje. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 10. Matokeo yake yalikuwa ya pande mbili. Misitu mingi ilipumzika. Lakini katika mashamba ya miti, paini na saipresi zilizokuwa zimekomaa zilibaki zimesimama hadi zikapitiliza umri, na nyingine zikaoza. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kilinunuliwa na Rai Group.

Katika kipindi hicho sheria ilibadilika. Sheria ya Misitu ya 2005 iliunda Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na ikawapa wananchi nafasi ya kushiriki kupitia vyama vya misitu vya jamii. Mfumo wa shamba ulirudi kwa sura mpya, ukiitwa PELIS. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, iliiagiza serikali kufikisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Ripoti ya taifa iliyotumia takwimu za 2021 ilionyesha kwamba miti sasa inafunika asilimia 12.13.

TANZANIA: KUTOKA SAO HILL HADI SHAMBA LA MWANAKIJIJI

Tanzania ilianza polepole. Shamba lake kubwa la miti, Sao Hill, liko Mufindi katika Mkoa wa Iringa. Miche ya majaribio ilipandwa huko kuanzia mwaka 1939, lakini upandaji mkubwa ulifanyika katika miaka ya 1970 na 1980, ukisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Leo Sao Hill ina eneo la zaidi ya hekta 135,000, na zaidi ya hekta 50,000 zimepandwa miti, hasa paini. Kwa kulinganisha, mashamba yote ya miti ya serikali nchini Kenya, kuanzia Mau hadi Mlima Elgon, ni kiasi cha hekta 150,000.

Nia ya Tanzania ilifanana na ya Kenya: kulisha kiwanda cha karatasi. Kiwanda hicho kilifunguliwa Mgololo, Mufindi, mwaka 1985. Nacho hakikwenda vizuri, kikasimama, na mwaka 2004 kikanunuliwa na Rai Group, kampuni ile ile ya Kenya ambayo baadaye ilinunua Webuye. Tanzania nayo ilipunguza kupanda baada ya fedha za mkopo kwisha. Kwa hiyo si kweli kwamba jirani zetu hawakuteleza.

Tofauti kubwa ilitokea nje ya misitu ya serikali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wadogo wa Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete na Ludewa waliona kwamba paini inalipa. Mwalimu, mfanyabiashara au mkulima wa mahindi alipanda ekari moja, mbili au tano. Wenyeji wa mijini walinunua mashamba vijijini ili wapande miti. Serikali ya Finland ilisaidia kupitia mradi wa misitu ya watu binafsi ulioanza mwaka 2014, ambao ulihimiza vikundi vya wakulima, mbegu bora na mafunzo. Mji wa Mafinga ukawa kitovu cha biashara ya mbao.

Sheria nayo ilisaidia. Tanzania ilipitisha sheria mpya ya misitu mwaka 2002, na kanuni zake za 2004 zilizuia kuuza magogo nje ya nchi. Anayetaka kuuza nje lazima kwanza apasue mbao. Kazi ya kupasua, kukausha na kupakia ikabaki vijijini. Usimamizi wa mashamba ya serikali ulipewa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ambao pia husimamia mashamba madogo karibu nasi, upande wa pili wa Ziwa Victoria: Buhindi katika eneo la Sengerema na Rubya katika kisiwa cha Ukerewe.

Mafanikio hayo yana doa lake. Mkulima mdogo mwenye shida ya karo au matibabu hasubiri miaka 20. Wengi hukata paini zikiwa na miaka 8 hadi 12. Mti mchanga hutoa mbao zenye mafundo mengi na nguvu ndogo, ambazo hupinda zikikauka. Tena, nyingi hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamahama ziitwazo dingdong, ambazo msumeno wake mnene hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi. Sehemu ya mbao hizo ndizo zinazotufikia.

MPAKA ULIOFUNGWA, MPAKA ULIOFUNGUKA

Biashara kati ya nchi hizi mbili haikuwa rahisi siku zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Wazee wa Migori wanakumbuka kipindi hicho, kwa sababu ukoo mmoja ulijikuta pande mbili za mpaka, na kilichopita kilipita kwa njia za panya.

Jumuiya ilifufuliwa, na umoja wa forodha ukaanza Januari 2005. Tangu mwaka 2010, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama huvuka bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi ziwe na cheti cha kuonyesha zilikotoka. Mbao za Mafinga zikawa na njia halali ya kufika Nairobi kupitia Namanga, Mombasa kupitia Lunga Lunga, na kwetu kupitia kituo cha pamoja cha mpakani cha Isebania na Sirari.

Kutoka Mafinga hadi Sirari ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa umbali huo mtu angetarajia mbao za Tanzania ziwe ghali kuliko zetu. Kilichozifanya ziweze kushindana ni wingi wake kule na uhaba wake huku.

MARUFUKU YA 2018 ILIVYOSUKUMA BIASHARA

Tarehe 24 Februari 2018 serikali ya Kenya ilitangaza tena kusimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Mito ilikuwa imekauka na malalamiko kuhusu uharibifu wa misitu yalikuwa makubwa. Tangazo la kwanza lilikuwa la siku 90. Liliongezwa kwa miezi 6, kisha kwa mwaka mmoja, na hali hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 5.

Lengo lilikuwa kulinda chemchemi na misitu ya asili, na hakuna anayeweza kulipinga. Lakini marufuku hayakupunguza idadi ya nyumba, shule na makanisa yanayojengwa. Viwanda vya kupasua mbao katika miji kama Elburgon na Molo vilifungwa na vijana wakapoteza kazi. Bei ya mbao ilipanda. Wafanyabiashara wakageukia mahali pawili: mashamba ya watu binafsi hapa Kenya, na Tanzania.

Tarehe 2 Julai 2023, akiwa Molo, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hayo. Mwezi uliofuata mahakama ya mazingira na ardhi ilisitisha utekelezaji wa tangazo hilo baada ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwenda mahakamani, kikisema wananchi hawakushirikishwa. Kwa mwenye kiwanda cha mbao, somo lilikuwa wazi: hawezi kununua mashine mpya au kuajiri watu ikiwa hajui kama mwaka ujao ataruhusiwa kukata.

TOFAUTI NI NINI HASA?

Tukiweka nchi hizi mbili kwenye mizani, tofauti haiko kwenye udongo wala mvua. Nyanda za juu za Kenya hukuza saipresi na paini vizuri sawa na Mufindi. Haiko pia kwenye upendo wa misitu. Nchi zote mbili zimepoteza misitu ya asili na zote zinapambana kuirejesha.

Tofauti ya kwanza ni nani anapanda. Kenya iliiachia serikali kazi kubwa ya kupanda mbao laini. Serikali ilipofunga, ugavi ulifungwa. Tanzania ina shamba kubwa la serikali, lakini pembeni yake kuna maelfu ya wakulima ambao kila mmoja ana miti yake. Lango moja likifungwa, mengine hubaki wazi.

Tofauti ya pili ni kutabirika. Mti hautii amri ya siku 90. Ukiuacha upitilize umri wake, unapoteza mbao. Ukiukata bila kupanda mwingine, pengo litaonekana miaka 20 baadaye, wakati aliyefanya uamuzi huo hayupo tena ofisini.

Tofauti ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja. Marufuku katika nchi moja huhamisha msumeno hadi nchi nyingine, au kutoka msitu wa serikali hadi shamba la mwananchi. Mwaka 2013 utafiti wa wizara ulikadiria kwamba Kenya hutumia mita za ujazo milioni 41.7 za miti kila mwaka huku uwezo wa kuzalisha ukiwa milioni 31.4. Pengo kubwa lilikuwa kwenye kuni na makaa. Maana yake ni kwamba hata vita vya kulinda msitu haviwezi kushindwa au kushinda kwenye mbao peke yake. Jiko la nyumbani nalo limo ndani ya hesabu.

UNAPONUNUA MBAO

Mbao nzuri zinapatikana kutoka nchi zote mbili, na mbovu vilevile. Usihukumu kwa jina la nchi. Kagua haya:

1. Kipimo. Beba futi yako. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ina eneo la inchi 8 za mraba kwenye ncha. Ikiwa imepasuliwa 1¾ kwa 3½, eneo hilo ni inchi 6 na kidogo. Karibu robo ya mbao uliyolipia haipo, na paa litakuwa dhaifu kwa kiasi hicho au zaidi.

2. Umri. Angalia duara kwenye ncha ya mbao. Ukiona kiini cha mti katikati na duara pana chache, mti ulikuwa mchanga. Mbao kama hiyo inafaa kushikilia zege, si kubeba paa.

3. Ukavu. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi. Ikipigiliwa mbichi, hukauka juu ya paa, hujipinda na kulegeza misumari. Zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, kwa wiki kadhaa kabla ya kujenga.

4. Dawa. Saipresi iliyokomaa huhimili wadudu kuliko paini. Paini isiyotiwa dawa huliwa na mchwa haraka, na huku kwetu mchwa hawana uhaba. Paka dawa kabla ya kupigilia, hasa sehemu zinazogusa ukuta.

5. Karatasi. Muulize mwenye yadi mbao zimetoka wapi na aonyeshe kibali. Mbao za wizi kutoka msituni huenda zikawa rahisi, lakini zikikamatwa nawe unaweza kujikuta kituoni.

UNAPOINGIZA MBAO KUPITIA ISEBANIA

Wapo wakazi wa Homa Bay na Migori wanaojiunga watatu au wanne na kuleta mzigo wao wenyewe. Hiyo ni biashara halali mradi utaratibu ufuatwe.

Upande wa Tanzania, mbao lazima ziwe na kibali cha kuuzwa nje na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS. Lazima pia ziwe na cheti kinachothibitisha kwamba zimezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bila cheti hicho zitatozwa ushuru kama bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya. Upande wa Kenya, mbao ni zao la mmea, kwa hiyo wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, huzikagua kwa ajili ya wadudu na magonjwa. Uliza masharti yao kabla mzigo haujapakiwa, si baada ya lori kufika mpakani.

Kwa wafanyabiashara wadogo, Jumuiya ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Muulize afisa wa forodha kama aina ya mbao unazoleta imo kwenye orodha hiyo. Kumbuka pia kwamba kutotozwa ushuru wa forodha hakumaanishi kutolipa chochote. Uliza kuhusu VAT na ada nyingine, uziweke kwenye hesabu yako mapema.

Njia za panya huonekana rahisi hadi siku ya kukamatwa. Mzigo ukitaifishwa, umepoteza mtaji wote, wala si kodi peke yake.

UNAPOPANDA: LAMBWE SI MUFINDI

Baadhi ya wakazi, wakisikia mafanikio ya Njombe, wametamani kupanda paini bondeni. Tunashauri tahadhari. Saipresi na paini hupenda baridi ya nyanda za juu na udongo usiotuamisha maji. Sakafu ya bonde la Lambwe ni ya joto, iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ina udongo mweusi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Miche mingi itakufa, na itakayopona itadumaa.

Miinuko ya Gwassi, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,000, ni hadithi tofauti. Huko, na katika sehemu za juu za ukingo wa Kanyamwa, mkulima anaweza kuzungumza na afisa wa misitu kuhusu saipresi. Bondeni na katika mashamba ya Ndhiwa, grivilea, siala na kasuarina ni chaguo la busara zaidi. Siala ni mti wetu wa asili, hustahimili mchwa kuliko mingi, na ukikatwa huchipuka tena. Mikalitusi hukua haraka na ina soko la nguzo, lakini isipandwe kando ya mito, chemchemi au visima.

Huhitaji shamba kubwa. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa takriban mita 254. Ukipanda mti kila baada ya mita 3 mpakani, utapata miti 84 hivi bila kupunguza shamba la mahindi. Ukitenga robo ekari na kupanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, utapata miti 112. Kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka kila mkulima atenge angalau asilimia 10 ya shamba lake kwa miti, hivyo kwa kufanya hivi unatii sheria na kuweka akiba kwa pamoja.

Kuna jambo moja la Lambwe ambalo mkulima wa Mufindi halifikirii. Bonde letu lina historia ya mbung'o, na wazee hawajasahau mlipuko wa malale wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mbung'o hupenda vichaka vizito vyenye kivuli, hasa karibu na Mbuga ya Taifa ya Ruma. Shamba la miti lisilopogolewa wala kufyekwa linaweza kuwa maficho yao. Pogoa matawi ya chini, fyeka vichaka kati ya mistari, na usiache shamba ligeuke pori. Kupogoa kuna faida ya pili: mti uliopogolewa mapema hutoa mbao zisizo na mafundo, na mbao kama hizo huuzwa kwa bei nzuri.

Mwisho, usikate mapema kama hulazimiki. Hili ndilo kosa lililowagharimu wakulima wengi wa kusini mwa Tanzania. Ukihitaji pesa, punguza miti dhaifu iliyosongamana, uiuze kama nguzo au kuni, na uache ile iliyonyooka iendelee kunenepa. Mti ulionenepa mara mbili una mbao nyingi zaidi ya mara mbili.

Unapokuwa tayari kuuza, pata kibali cha kusafirisha kutoka ofisi ya KFS iliyo karibu nawe, na ulipe ada ya mazao inayotozwa na kaunti, kisha uhifadhi risiti. Pima miti yako kabla ya kuzungumza bei na mnunuzi. Wauzaji wengi hupunjwa kwa sababu huuza shamba zima kwa kukisia, huku mnunuzi akiwa ameshahesabu kila gogo.

HATUA ZA KUCHUKUA SASA

Mvua ndefu huanza kwa kawaida mwezi Machi. Miche inayofaa kupandwa wakati huo lazima iwe kitaluni miezi kadhaa kabla. Nunua miche kutoka kitalu kinachojua chanzo cha mbegu zake, kwa sababu mbegu duni hutoa mti uliopinda hata ukitunzwa vipi. Vikundi vya akina mama, vijana na shule vinaweza kuanzisha vitalu vyao na kuuza miche kwa majirani.

Kwa ushauri wa aina ya mti unaofaa shamba lako, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako au ofisi ya KFS. Kwa masharti ya kuvusha mbao, wasiliana na maafisa wa forodha na KEPHIS katika kituo cha Isebania. Barazani, waombe chifu na maafisa wa wadi waalike wataalamu hao waje kujibu maswali mbele ya wakazi wote. Ushauri wa maafisa hao ni haki yako, na ni vyema kuutafuta kabla ya kununua mche wa kwanza au kulipia lori la kwanza.